Fukwe za Kigoma kwa Miguu, Siku kwa Siku

Mtu wa Tanga au Bagamoyo akipanga matembezi ya ufukweni huanza na maji: yanakupwa saa ngapi, bamvua inaangukia tarehe ngapi. Kigoma hesabu hiyo iweke pembeni. Ziwa Tanganyika halina kupwa na kujaa kwa kumtoa mtu njiani. Mchanga uliouacha asubuhi ndio utakaoukuta jioni. Huku kinachoamua kama utapita mguu mkavu ni mwezi wa mwaka na saa ya upepo. Ukivipatia hivyo viwili, matembezi yote yaliyomo humu ni mepesi, ya mtu yeyote anayeweza kwenda sokoni na kurudi kwa miguu. Ukivikosea, hata kilomita tatu zitakutoa jasho.

Tuanze na mwezi. Mvua za Kigoma ni za Novemba hadi Aprili. Ziwa linapanda nazo, linafika juu kabisa Aprili na Mei, kisha linashuka pole pole mpaka Oktoba. Kwa mwaka wa kawaida tofauti hiyo haifiki mita moja. Inaonekana ndogo, lakini kwenye ufukwe unaoteremka mita moja kwa kila mita kumi, sentimita 80 za kimo ni mita nane za mchanga. Ndiyo maana mahali penye uwanja wa mpira Septemba, mwezi Mei utakuta maji yanapiga ukuta wa nyumba.

Halafu kuna kupanda kwa miaka, na hiki ndicho wageni wengi hawakijui. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, upande wa Kongo. Karne ya 19 mlango huo ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Maji yakapanda hadi mwaka 1878, yakauzibua, kisha ziwa likashuka kama mita kumi katika miaka isiyofika 20. Siku hizi halichezi kiasi hicho, lakini mvua za miaka ya 1961 hadi 1964 zililipandisha sana, na mwaka 2021 na tena 2024 lilifurika likaingia kwenye nyumba za mwambao kuanzia Kigoma hadi Bujumbura na Uvira. Kwa hiyo ramani ya simu usiiamini kwa macho. Picha ya setilaiti inayoonyesha ukanda mpana mweupe huenda ilipigwa kabla ya maji kupanda. Tazama tarehe ya picha, na kama ni ya kabla ya 2020, ichukulie kama kumbukumbu tu.

Miezi mizuri ni kuanzia mwisho wa Julai hadi mapema Oktoba. Juni ni kavu na hewa yake ni ya baridi kidogo asubuhi, lakini maji bado hayajashuka vya kutosha. Agosti na Septemba mchanga ni mpana, ila moshi wa mioto ya nyika unaziba ng'ambo. Milima ya Kongo huioni mpaka mvua za kwanza zisafishe hewa. Anayetaka picha ya milima ile avumilie matone ya mwanzo wa Novemba. Anayetaka kutembea tu aje Septemba.

Kalenda ya uvuvi nayo iangaliwe. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa upande wa Tanzania kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika kipindi kama hicho mialo, yaani vituo vya kushushia samaki, inakuwa kimya, mchanga ni safi na hauna harufu, lakini na mama lishe wa ufukweni hayupo, kwa hiyo chakula unabeba mwenyewe. Mwezi wa angani nao una sauti yake: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa hawakusanyiki kwenye mwanga, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa kila mwezi. Ukitaka kuona Katonga, mwalo wa dagaa wa siku ya kwanza, ikichemka, panga siku za mwezi mwandamo. Ukitaka utulivu, panga mwezi mpevu.

Jioni ya kufika

Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inatumia saa ile ile ya Dar es Salaam. Matokeo yake jua linachelewa kwa dakika 40 hivi. Juni na Julai linachomoza saa moja na dakika chache asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni. Jua la utosi linakuja saa saba, si saa sita. Mgeni anaamka saa kumi na moja na nusu kama alivyozoea, anakuta giza totoro, anarudi kulala, anapitiliza. Hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni la alasiri: anatazama saa, anaona saa tisa, anadhani jua limelegea, kumbe linachoma kama la saa nane na ushee ya kwao.

Ratiba inayofanya kazi ni hii: kuondoka saa moja kasoro robo, mwanga unapotosha kuona unakokanyaga, na kumaliza saa tano. Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni kivuli. Milima ya ukingo wa bonde la ufa iko mashariki, nyuma ya ziwa, na asubuhi inalikinga jua, hasa upande wa kaskazini kuanzia Kibirizi. Ya pili ni upepo. Asubuhi hewa hutoka nchi kavu kwenda ziwani na maji yanalala. Kadiri jua linavyopanda upepo unageuka, na mchana mawimbi yanapiga. Miezi ya kusi, Mei hadi Septemba, yanakuwa makubwa. Mawimbi hayo ndiyo yanayokula ule ukanda mwembamba wa mchanga mgumu ambao mtembezi anautegemea.

Huo ukanda tuuelezee vizuri. Pwani ya bahari, maji yakikupwa unapata uwanja mzima wa mchanga ulioshikana. Ziwani unapata mita moja au mbili tu, pale wimbi linapofikia na kurudi, tena umelala upande. Ukitembea humo muda mrefu mguu wa upande wa maji unakuwa chini kuliko mwenzake, na baada ya saa moja utasikia nyonga au goti la nje linauma. Dawa yake ni kurudi kwa njia ile ile, ili mguu mwingine nao uchukue zamu, au kupanda juu kwenye njia ya kijiji kila baada ya robo saa. Hii ndiyo sababu mojawapo ya kupendekeza matembezi ya kwenda na kurudi badala ya kwenda moja kwa moja. Juu ya ukanda huo mchanga ni laini na unazama. Mwendo unaoufanya barabarani kwa saa moja, hapo utakula saa moja na nusu au zaidi. Panga kilomita mbili na nusu hadi tatu kwa saa, basi.

Vya kubeba kwa mtu mmoja kwa asubuhi moja: maji ya kunywa lita mbili, tatu kama ni Septemba au Oktoba. Usitegemee kuchota ziwani hata maji yakionekana safi kiasi cha kuona mawe ya chini. Kwenye vijiji vya mwambao watu wanaoga, wanafua na kuosha vyombo humo humo, na kipindupindu kimewahi kuzuka mwambao huu zaidi ya mara moja. Ukilazimika, chemsha, au beba vidonge vya kutibu maji na usubiri dakika 30 kabla ya kunywa. Chakula: ndizi mbivu nne, karanga za kukaanga zenye chumvi gramu 200 hivi, chapati mbili. Kofia ya ukingo mpana. Mtandio au kanga, kwa sababu tutakayoieleza Ujiji.

Viatu vinahitaji neno zaidi. Kandambili zinakatika kamba kwenye kokoto, na zikikatika huko Kalalangabo, siku ya tatu, utarudi peku. Raba zenye soksi zinafaa mpaka maji au mchanga uingie. Mchanga ndani ya soksi mbichi unatoa lengelenge kabla ya kufika nusu ya njia. Kinachofaa ni sandali za kufunga nyuma ya kisigino zenye soli ngumu, au yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Yeboyebo hazina heshima mjini lakini ufukweni zinatoa maji haraka na hazishiki mchanga. Peku usitembee karibu na mwalo wowote: kuna ndoano, vipande vya chupa na miiba ya samaki iliyofukiwa.

Simu uiweke kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na kitambaa kikavu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kuanzia 1 Juni 2019, kwa hiyo ule ushauri wa zamani wa kuifunga kwenye rambo umepitwa. Noti ziwe ndogo ndogo; mwenye boti au muuza samaki saa moja asubuhi hana chenji ya elfu kumi. Na kitambulisho cha NIDA, au pasi kwa asiye raia, kisibaki hotelini. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na kuulizwa na watu wa uhamiaji njiani si jambo la ajabu.

Siku ya kwanza: mjini hadi Katonga

Hii ndiyo siku ya kujaribu viatu. Anzia stesheni ya reli, jengo la Wajerumani lililo mwisho wa Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1914. Mbele yake ni bandari, na bandari haipigwi picha bila ruhusa. Ukiona MV Liemba imetia nanga unaweza kuitazama kwa macho bila gharama: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka uliofuata ili isitekwe. Waingereza wakaiinua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la sasa.

Kutoka stesheni fuata barabara ya Bangwe. Sehemu hii si ufukwe. Barabara inapanda kidogo juu ya ghuba, na ni bora kuimaliza mapema kabla lori na bodaboda hazijaanza kutimua vumbi. Kuna majengo ya Serikali kandokando. Weka kamera ndani. Mpaka Katonga ni kilomita tano au sita. Asiyetaka kutembea barabarani achukue bajaji hadi Katonga na kuanzia huko. Hakuna kitu atakachokosa ila mandhari ya ghuba kutoka juu.

Katonga fika saa mbili, si zaidi. Maboti yaliyolala ziwani usiku kucha yanakuwa yameingia, dagaa wanashushwa kwa ndoo na mabeseni, na bei inapigwa pale pale. Ukichelewa hadi saa tatu utakuta imebaki kazi ya kuanika. Nayo ina mambo yake. Dagaa wabichi wanamwagwa juu ya mchanga au juu ya chanja, yaani meza za wavu zilizonyanyuliwa hadi usawa wa kiuno. Wa kwenye chanja hewa inawapita juu na chini, wanakauka haraka na hawabebi mchanga, na mpishi yeyote aliyewahi kusaga meno na dagaa wa chini anajua tofauti yake. Jua likiwaka vizuri wanakauka kwa siku moja wakigeuzwa mara kwa mara. Mawingu yakikaa, wanalegea, wanakatika vichwa na kubadilika rangi, na hapo bei yake inaanguka. Mvua ikinyesha ghafla mama zile utawaona wanakusanya kwa mafagio na mikono, na huo si wakati wa kuwauliza njia.

Kwa mtembezi kanuni za mwaloni ni chache. Dagaa walioanikwa mchangani, kwa mbali, wanafanana na mng'ao wa maji, kwa hiyo tazama chini kabla ya hatua, si baada yake. Pita upande wa juu wa maanikio, nyuma ya chanja, usikatize katikati. Kamba za kufungia maboti zinavuka mchanga kwa kimo cha kifundo cha mguu, nyingine zimefukiwa nusu. Zinaangusha watu wazima. Nyavu zilizotandazwa usizikanyage hata kama zinaonekana chakavu. Na salamu kwanza. Mtu wa kumuuliza hali ya njia ni mama anayeanika, kwa sababu yuko pale kila siku tangu alfajiri. Usimuulize kama ni mbali. Jibu litakuwa "si mbali" hata kama ni mbali. Muulize kitu anachokiona:

"Shikamoo mama. Kule kwenye yale mawe, maji yamefika juu au unapita chini?"

"Marahaba mwanangu. Chini hupiti siku hizi. Panda hapo penye mwembe, utashukia upande wa pili."

Jibu la namna hiyo lina thamani kuliko programu yoyote ya ramani.

Toka Katonga, ukingo unakuwa wa magenge mafupi yenye vifuko vya mchanga kati yake. Vifuko viwili vinavyojulikana zaidi viko Jakobsen, ufukwe wa binafsi wenye kiingilio, na kwa siku ya kwanza hapo ndipo pa kuishia. Chakula beba chako. Ukiwa na miwani ya kuogelea, ingia pale mchanga unapokutana na mawe: ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, wengi wao hawapatikani kwingine duniani, na wengi wanaishi kwenye mawe ya maji mafupi kama hayo. Usiende mbali. Chini kunaporomoka ghafla. Ziwa lote lina kina cha juu cha mita 1,470, na ukingo wake umejengwa kwa mtindo huo huo wa kwenda chini bila ngazi.

Mbona tusiendelee kwa miguu hadi Ujiji, maana kwenye ramani ni jirani? Kwa sababu magenge yanakupandisha na kukushusha, na unapofika penye mchanga mrefu tayari ni saa sita na upepo umeshageuka. Rudi mjini kwa bajaji, na Ujiji ipewe siku yake.

Siku ya pili: Ujiji

Ujiji ni kilomita nane hivi kutoka mjini, na daladala zake zinapitia Mwanga. Ukifika saa moja asubuhi jumba la makumbusho la Livingstone bado limefungwa. Hilo liache kwa ajili ya kurudi.

Ujiji ni mji wa Kiislamu na wa zamani kuliko Kigoma. Hapa ndipo njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipokuwa ikiishia. Burton na Speke walifika Februari 1858, na Stanley akamkuta Livingstone mwaka 1871. Mavazi ya kuogelea hayapiti mitaani wala ufukweni. Mwanamke ajifunge kanga, mwanamume avae suruali au bukta inayovuka goti. Asubuhi na jioni watu wanaoga ziwani, wanaume upande wao na wanawake upande wao. Ukiona nguo zimetandazwa juu ya mawe na sauti za jinsia isiyo yako, panda njia ya juu upite mbali, na simu ikae mfukoni.

Shuka moja kwa moja hadi ufukweni kwenye mafundi wa maboti. Hapa hakuna haraka. Mafundi wanajenga kwa mbao, bila mchoro wa karatasi, na hatua inayovutia zaidi kuitazama ni kalafati. Pamba inasokotwa nyembamba, inapakwa mafuta, inawekwa kwenye mshono wa mbao mbili, halafu inapigwa kwa patasi butu na nyundo mpaka inazama. Pigo likiwa dogo pamba inachomoka bandari ya kwanza. Likiwa kubwa mno linatanua mbao na kuleta ufa mpya. Fundi anasikiliza mlio: mshono ulioshiba unalia mkavu. Boti kuukuu zilizopinduliwa pembeni zinaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo, na pamba nyeusi ikining'inia kwenye nyufa. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usikalie mbao zake.

Kutoka hapo geukia kusini. Mchanga wa upande huu ni mrefu na tambarare kuliko wa Katonga, wenye mitumbwi, bustani za mboga na michikichi, na ndio mwepesi kuliko yote katika safari hii. Lakini una kikomo, na kikomo hicho kisivukwe. Kusini mwa Ujiji mto Luiche unaingia ziwani kupitia tambarare pana la matete na tope, na mlango wake ni makao ya viboko na mamba. Hatutoi kilomita za kugeukia, maana mstari unahama kila mwaka na kimo cha maji. Dalili ni tatu na hata moja inatosha: mchanga unageuka kuwa tope jeusi linaloshika kiatu, matete yanafika mpaka kwenye maji, na maji yenyewe yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa na hayana wimbi. Ukiona mojawapo, geuka. Wavuvi wa mitumbwi watakwambia "tunapita kila siku", na ni kweli, ila wao wanapita wakiwa ndani ya mtumbwi.

Dalili hizo hizo ndizo za maji yenye kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji yaliyotulia yenye majani, kwa hiyo midomo ya mito, mifereji na ghuba zilizojificha ni hatari kuliko ufukwe wazi unaopigwa na mawimbi. Hatari kuliko, si kwamba ufukwe wazi ni salama kabisa. Aliyeingia maji ya namna hiyo apime kama miezi miwili baadaye, si kesho yake, kwa sababu mayai hayaonekani mapema. Dawa ipo na ni ya kumeza.

Kurudi, jua liko begani na mguu mwingine unapokea mteremko. Ukifika makumbusho saa nne, tazama umbali uliopo kati ya mnara na maji ya leo. Mwaka 1871 ziwa lilikuwa juu zaidi na ufukwe ulikuwa karibu na hapo. Stanley aliporudi Ujiji 1876 alikuta maji yamesogea zaidi na kumeza miti iliyokuwa sokoni. Miembe inayotoa kivuli hapo ni ya baadaye, ingawa inahesabiwa kuwa ya uzao wa mwembe wa awali walipokutana Stanley na Livingstone.

Mlo wa mchana ni Ujiji hapo hapo: mgebuka wa kuchoma au wa mawese, kwa ugali wa muhogo. Kuhe ni mtamu zaidi, ila hapatikani kila siku.

Siku ya tatu: Kibirizi hadi Kalalangabo

Hii ni nyepesi kwa umbali, si kwa unyayo. Kibirizi iko kaskazini mwa mji, kilomita tatu, na ndiyo kituo cha maboti ya abiria yanayokwenda vijiji vya kaskazini hadi Kagunga mpakani mwa Burundi. Kuanzia mwisho wa mwalo, mlima unashuka mpaka majini. Mchanga unakatika, kokoto zinaanza, na kila baada ya muda kuna rasi ya mawe.

Kwenye kokoto badili mwendo. Hatua fupi, unyayo wote utue pamoja, goti likunjike kidogo. Fimbo ya kimo cha kiuno, kama mita moja hivi, inasaidia zaidi ya kiatu cha bei. Mawe yaliyoloa yenye utando wa kijani yanateleza kama sabuni. Yaliyokauka ya rangi ya kijivu yanashika. Kuna pia swila wa majini, nyoka wa ziwa hili anayekula samaki na kujificha kati ya mawe ya ukingoni. Ni mwenye sumu lakini hana ugomvi. Anakimbilia majini akisikia hatua. Usiingize mkono kwenye nafasi za mawe wala usikalie jiwe bila kuligonga kwanza kwa fimbo.

Kwenye rasi usizunguke kwa kuingia majini, hata kama maji yanaonekana ya magoti. Kutoka magoti hadi juu ya kichwa ni hatua mbili, na boti likipita mbali, wimbi lake linafika baada ya dakika kadhaa wewe ukiwa umebana na jiwe. Tafuta njia ya juu. Ipo sikuzote, kwa sababu wanakijiji nao wanapita na mizigo kichwani; tazama penye udongo mwekundu uliokanyagwa. Wakati wa mvua siku hii ifute kabisa: vilima vya hapa vimekatwa miti, makorongo yanashusha maji na mawe bila taarifa.

Utaona pia kuta na nyumba zilizosogea hadi majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, lakini usiitumie kama hati ya kupita uani mwa watu. Piga hodi. Hakuna anayekataa.

Kalalangabo pumzika, kunywa nusu ya maji yaliyobaki, na amua kurudi kabla ya saa tatu na nusu. Hapa ndipo mipango mingi ya mezani inapovunjika. Mtu anafikiri atatembea kwenda na kurudi kwa boti. Maboti ya abiria yanateremka kutoka vijijini kuja Kibirizi asubuhi, na yanapanda kurudi mchana. Yeye akifika, ya kuja Kibirizi yameshapita. Akikaa kulisubiri anakuta jua limefika utosini, upepo umegeuka, na boti pekee linaloonekana linaelekea Burundi. Kodi ya boti binafsi inawezekana, lakini bei ipatanwe Kibirizi kabla ya kuondoka, si Kalalangabo ukiwa umechoka, maana huko hakuna wa kushindana naye. Na boti lisilo na majaketi ya kuokolea usipande, hata kama ukingo uko mita 100 tu.

Siku ya nne: kupumzika, au Gombe

Kwa ramani, kutoka Kalalangabo unaweza kuendelea na ufukwe hadi Mtanga, kisha Gombe, ambayo iko kilomita 16 kaskazini mwa mji. Usifanye hivyo kwa miguu. Ukivuka Mtanga unaingia mpaka wa hifadhi ya taifa, iliyotangazwa 1968, miaka minane baada ya Jane Goodall kuanza utafiti wake wa sokwe, na kuingia bila kibali ni kosa hata kama uko mchangani tu. Tena nyani wa Gombe wamezoea ufukwe na wanajua begi lenye ndizi lilivyo. Begi halifunguliwi nje ya nyumba.

Anayetaka ufukwe wa Gombe aende kwa boti na alale huko usiku mmoja, kwa sababu boti la abiria linaondoka mchana na halirudi mpaka kesho yake asubuhi. Ada ya hifadhi inalipwa kwa kadi au kwa kumbukumbu namba, si taslimu, kwa hiyo imalize ukiwa mjini penye mtandao. Kibirizi fika saa tano, ulizia boti linalopita Kasekela, makao ya hifadhi, ukae upande wa kulia unapotazama mbele: huo ndio upande wa nchi kavu, na kutoka hapo utaiona njia yote ya jana.